Andika Jaribio Kabla ya Video: Malengo ya Ujifunzaji katika Masomo ya Mtandaoni

 

Niliombwa nizungumzie ufundishaji wa mtandaoni. Mada hiyo ni pana mno, nami nimeipunguza kwa makusudi. Sitazungumzia kamera, wala taa, wala jukwaa gani ni bora kuliko jingine. Dhamira yangu ni kuwashawishi kwamba somo la mtandaoni lianze kuandikwa kutoka mwisho wake, yaani kutoka kwenye kile ambacho mwanafunzi atakifanya mwenyewe, nasi tukakiona au kukisikia. Mfano nitakaoutumia kwa sehemu kubwa ni kozi ya mwanzo ya Kiswahili kwa wageni. Wengi wenu humu ndiyo kazi yenu, na ndiyo kozi inayoweza kuwa na mwanafunzi mmoja Muscat anayetafuta lugha ya bibi yake, mwingine Berlin anayejiandaa kuja Kigoma kufanya kazi ya uuguzi, na wa tatu Minneapolis, wote kwenye somo lile lile, usiku kwa mmoja na asubuhi kwa mwingine.

Hoja ya kwanza: darasani macho ya mwalimu huliokoa lengo bovu

Andalio la somo tunalijua sote. Tangu chuo cha ualimu tumejaza safu zake: umahiri, malengo mahususi, zana, hatua za ufundishaji, tathmini. Tuseme ukweli. Mara nyingi andalio hujazwa kwa ajili ya mthibiti ubora atakayepita. Kwenye safu ya lengo inaandikwa "wanafunzi waelewe ngeli za nomino", halafu mwalimu anaingia darasani na kufundisha vizuri tu. Lengo lile halimponzi, kwa sababu macho yake yanafanya kazi ambayo karatasi haikuifanya. Anamwona yule wa dawati la nyuma amekunja uso, anarudia. Anasikia minong'ono, anabadilisha mfano. Anauliza swali, darasa linanyamaza, anajua hapa bado. Lengo halisi la somo linatengenezwa pale pale, mbele ya ubao, dakika kwa dakika.

Video haimwoni anayeitazama. Mwanafunzi wa Berlin akikunja uso dakika ya tatu, mwalimu yuko Morogoro amelala. Kosa lililojificha kwenye lengo hubaki vile vile, na humfikia kila mwanafunzi atakayejiunga mwaka huu na mwaka ujao.

Waliofundisha kwa masafa kabla ya intaneti walilijua hili. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilianzishwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1992, na wanafunzi wake wa kwanza walianza mwaka 1994. Kile cha Uingereza, Open University, kilipokea wa kwanza mwaka 1971. Fungueni kitabu chochote kizuri cha masomo ya masafa, mtaona kila sura inaanza kwa kumwambia msomaji ataweza kufanya nini akiimaliza, na inaishia kwa maswali ya kujipima. Waandishi wake walijua kwamba mwanafunzi yuko Tunduma au Pangani na barua huchukua wiki. Sisi tuliokimbilia mtandaoni Machi 2020, shule na vyuo vilipofungwa kwa sababu ya UVIKO-19, tulibeba slaidi za darasani kama zilivyo, tukazipakia, tukaita hiyo kozi. Ilikuwa dharura, na simlaumu yeyote kwa dharura. Ninachohofia ni kwamba dharura imekwisha na slaidi bado zipo.

Tazameni pia kozi kubwa za bure za mtandaoni, zile za maelfu ya wanafunzi. Mwaka 2019 Justin Reich na José Ruipérez-Valiente walichapisha katika jarida la Science uchambuzi wao wa kozi za Harvard na MIT kwenye jukwaa la edX. Kati ya wote waliojiandikisha mwaka wa masomo 2017–18, waliomaliza walikuwa asilimia 3 hivi. Sababu ni nyingi: wengine walikuja kuchungulia tu, wengine walizidiwa na kazi. Hata hivyo, mwanafunzi asiyejua anakwenda wapi, na asiye na namna ya kujua kama amefika, ana sababu moja zaidi ya kufunga dirisha asirudi.

Hoja ya pili: lengo ni kitendo cha mwanafunzi

Hapa naomba tukae kidogo, maana ndipo kazi ilipo.

Chukueni lengo lile lile: "Mwanafunzi aelewe ngeli za nomino na upatanisho wa kisarufi." Ukimpa mwalimu wa mtandaoni lengo hili, atatengeneza nini? Jedwali. Ngeli ya A-WA, U-I, LI-YA, KI-VI, I-ZI, na kuendelea hadi PA-M-KU, kila moja na viambishi vyake na vionyeshi vyake, dakika arobaini za sauti juu ya slaidi. Mwanafunzi atatazama, atanakili, pengine atakariri. Miezi mitatu baadaye anasimama sokoni Kilombero, Arusha, ameshika nanasi, anasema "hiki nanasi", muuzaji anamjibu kwa Kiingereza, na mazungumzo ya Kiswahili yameishia hapo.

Sasa liandikeni lengo upya: "Mwishoni mwa somo hili, mwanafunzi ataweza kununua bidhaa nne za sokoni kwa muuzaji anayezungumza kwa kasi ya kawaida, bila kusoma popote: ataonyesha kila bidhaa kwa kionyeshi kinachopatana nayo, ataelewa bei isiyozidi shilingi elfu kumi, na ataomba kupunguziwa kwa adabu."

Ni refu, najua, na halitaingia kwenye kisanduku cha andalio. Lakini tazameni limebeba nini. Robert Mager, Mmarekani aliyeandika kitabu kidogo juu ya malengo mwaka 1962, alisema lengo linalofaa lina mambo matatu: tendo litakaloonekana, masharti ambayo tendo litafanyika chini yake, na kiwango cha kukubalika. Yote matatu yamo. Tendo ni kununua. Masharti ni muuzaji wa kasi ya kawaida na kutosoma popote. Kiwango ni bidhaa nne, kionyeshi sahihi kwa kila moja, na bei kueleweka.

Halafu tazameni lengo hili linavyoifanya sarufi. Jedwali la ngeli zote limeondoka, lakini ngeli hazikuondoka, zimeletwa na soko lenyewe. Nanasi hili. Nyanya hizi. Mchicha huu. Vitunguu hivi. Meza moja ya mama muuza mboga ina LI-YA, I-ZI, U-I na KI-VI, na mwanafunzi anazikuta zikiwa zimeshikamana na vitu anavyovitaka. Naona mwalimu pale kushoto ananyoosha kidole. Nadhani anauliza A-WA imekwenda wapi. Iko kwenye meza ya samaki, mwalimu, nayo itakuwa somo la wiki inayofuata: samaki huyu, pweza huyu, na wakiwa wengi, hawa. Sikuiacha kwa kusahau. Lengo la wiki hii halikuihitaji.

Wenzetu wa lugha nyingine wameshafika huko. Mwaka 2001 Baraza la Ulaya lilichapisha mwongozo wake wa lugha wenye ngazi sita, kutoka A1 hadi C2, na kila ngazi imeelezwa kwa yale ambayo mwanafunzi anaweza kuyafanya: ninaweza kuuliza njia, ninaweza kuandika barua fupi ya kuomba kazi. Hapa nyumbani mitaala ya sekondari ya Tanzania ilielekezwa kwenye umahiri tangu mwaka 2005, na Kenya iliuanza mtaala wake wa umilisi mwaka 2017. Msamiati tunao. Tunachokosa ni mazoea ya kuuchukulia kwa uzito tunapokaa kuandika somo moja la dakika ishirini.

Neno kuhusu vitenzi. Kuelewa, kufahamu, kujua, kuthamini: sivikatai, ni vitenzi vizuri vya kueleza matumaini yetu. Shida yao ni kwamba hakuna ajuaye vinaonekanaje. Benjamin Bloom na wenzake walipotoa mwaka 1956 ule mpangilio wa ngazi za kufikiri ambao sote tuliukariri chuoni, walitaka walimu waone kwamba kukumbuka jambo na kulitumia ni kazi mbili tofauti. Mwanafunzi anayeweza kutaja viambishi vya KI-VI yuko ngazi moja. Anayesema "vitunguu hivi vibichi" bila kusita yuko nyingine. Ukiandika "aelewe", hujasema unamtaka yupi, na ukifika wakati wa mtihani utampima yule aliye rahisi kupimwa.

Hoja ya tatu: jaribio huandikwa kwanza, video mwisho

Jambo hili ndilo ninalolitaka zaidi, na ndilo walimu hunikatalia zaidi.

Ralph Tyler, mwaka 1949, alianza kitabu chake cha misingi ya mtaala kwa swali la malengo, na tathmini akaiweka swali la nne na la mwisho. Grant Wiggins na Jay McTighe, mwaka 1998, waliivuta tathmini mbele: ukishajua unataka mwanafunzi aweze nini, amua kwanza utakubali ushahidi gani kwamba ameweza, ndipo upange mafundisho. Fundi cherehani hupima kabla ya kukata kitambaa. Sisi hukata kwanza: tunarekodi video, tunaipakia, halafu usiku wa kuamkia tarehe ya mwisho tunatunga maswali kumi ya kuchagua jibu.

Turudi sokoni. Lengo tumeliandika. Kabla ya kugusa kamera, tunatunga jaribio. Mwanafunzi atasikiliza sauti tatu za wauzaji, kila moja kwa mara mbili tu, na kuandika bei aliyotajiwa. Kisha ataona picha ya meza yenye bidhaa nne, na atarekodi kwa simu yake, kwa dakika moja, jinsi atakavyozinunua. Tutamsahihisha kwa mambo matatu: kionyeshi kinapatana, bei imeeleweka, ombi la kupunguziwa lina adabu, mathalani "nipunguzie kidogo, mama", badala ya "punguza" kavu kavu.

Haya, anatumwa mtu sokoni na simu, kwa ruhusa ya wauzaji, kurekodi hizo sauti tatu. Anarudi nazo. Muuzaji wa kwanza anasema: "Fungu buku mbili." Wa pili anasema: "Hizo jero jero." Wa tatu ndiye anayesema "elfu moja na mia tano" kama ilivyo kwenye kitabu. Hapo ndipo mwalimu anagundua kwamba somo alilokuwa akilipanga, lenye hesabu za moja hadi elfu kumi kwa Kiswahili cha vitabuni, lingemfikisha mwanafunzi sokoni akiwa kiziwi kwa wauzaji wawili kati ya watatu. Buku, yaani elfu moja, na jero, yaani mia tano, zikaingia kwenye somo, pamoja na maelezo kwamba ni maneno ya mitaani yasiyoandikwa kwenye barua rasmi. Angeanza na video, angeligundua hilo lini? Huenda asingeligundua kabisa.

Mfano wa pili niupitie haraka, maana mnaujua. Lengo "kutaja saa". Kozi nyingi humpima mwanafunzi kwa kumwonyesha saa ya ukutani aisome. Andikeni jaribio kwanza: mwanafunzi anapokea ujumbe "tukutane kesho saa nne asubuhi, ofisini", na anatakiwa kuweka miadi hiyo kwenye kalenda ya simu yake. Anayeweka 10:00 amefika. Anayeweka 4:00 anahitaji somo jingine, hata kama alisoma saa ya ukutani bila kosa.

John Biggs, mwaka 1996, alisisitiza kwamba lengo, shughuli na upimaji lazima vivute upande mmoja. Mtandaoni vinavutana kwa urahisi sana, kwa sababu mfumo wenyewe unatushawishi. Maswali ya kuchagua jibu husahihishwa na mashine, alama hutoka papo hapo, jedwali la matokeo linapendeza. Nayapenda pia, kwa mazoezi ya kukumbuka. Lakini lengo likiwa ni kusema, na jaribio likawa ni kubofya, mwanafunzi ataamini jaribio. Atajifunza kubofya. Na wala hakuna haja ya mitambo ya gharama: Moodle inapokea faili za sauti, na kwa darasa la watu ishirini, ujumbe wa sauti wa WhatsApp unatosha kabisa.

Faida moja zaidi ya jaribio lililotangulia: hulisahihisha somo lenyewe. Wanafunzi wengi wakikosea mahali pamoja, tuseme wote wanasema "mchicha hii", basi tatizo liko kwenye dakika fulani ya video yetu. Ibadilisheni dakika hiyo. Hapo macho yale tuliyoyapoteza tulipotoka darasani yanaanza kurudi kidogo.

Hoja ya nne: lengo huamua nini kikatwe, na kukata ni kumwonea huruma mwenye bando

Hapa hesabu ni fupi. Video inayotiririka kwa kasi ya megabiti 1 kwa sekunde hula megabaiti 450 kwa saa. Sauti peke yake, kwa kilobiti 64 kwa sekunde, haifiki megabaiti 30 kwa saa. Kila dakika ya salamu ndefu, kila slaidi ya "historia fupi ya lugha" isiyohusiana na lengo, mwanafunzi wa Kasulu au wa Bukavu anailipia kutoka mfukoni.

Philip Guo, Juho Kim na Rob Rubin walichambua mwaka 2014 vipindi milioni 6.9 vya watu kutazama video za kozi za edX, wakaona kwamba wastani wa kati wa muda ambao mtu hukaa na video hauzidi dakika 6, hata video iwe ndefu namna gani. Kwa hiyo sisemi tufupishe kwa sababu wanafunzi ni wavivu. Nasema kila kipande kiulizwe: kinamsaidia kutenda lile tendo? Sauti za wauzaji, ndiyo, na zinatosha kuwa sauti tupu. Picha ya meza, ndiyo, picha moja ya mnato. Uso wa mwalimu akitamka "hili" na "hizi", labda dakika mbili. Somo zima la sokoni linaweza kuingia kwenye megabaiti chache ambazo mtu anazipakua akiwa kwenye Wi-Fi ya ofisi na kuzisikiliza kwenye daladala.

Hoja ya tano: yasiyopimika nayo yana nafasi yake

Mwenzangu mmoja wa fasihi aliniuliza, kabla ya kikao, kama ninataka kumpima mwanafunzi aliyeguswa na shairi. Swali lake ni la haki, na lina wakubwa wake. Elliot Eisner, aliyekuwa mwalimu wa sanaa na elimu Stanford, aliuliza mwaka 1967 kama malengo yaliyobana mapema hayaizuii elimu ya sanaa badala ya kuisaidia. Baadaye akapendekeza kwamba masomo mengine yaeleze kile mwanafunzi atakachokutana nacho, na yaache wazi atatoka na nini.

Nakubaliana naye. Tukiwapa wanafunzi wetu wasikilize taarabu ya Siti binti Saad, mwanamke wa Zanzibar aliyerekodiwa Bombay mwaka 1928, sitaki kuandika kwamba kila mmoja "ataweza kutaja sifa tatu za sauti yake". Nitaandika kwamba watasikiliza wimbo mmoja mara tatu, wataandika sentensi mbili za kilichowagusa au kilichowachosha, na watasoma za wenzao. Hilo bado ni lengo, kwa sababu nimeamua ni nini kitatokea na kwa nini. Nisichokubali ni mwalimu kujificha nyuma ya fasihi ili asiandike lengo la somo la ngeli.

Twende wapi kutoka hapa

Kiswahili sasa ni lugha rasmi ya Umoja wa Afrika na ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, na Kamisheni ya Kiswahili ya Jumuiya ina makao yake Zanzibar. Wanaotaka kujifunza wataongezeka, na wengi wao watatukuta mtandaoni kabla hawajakanyaga nchi zetu. Kila chuo kikiendelea kuandika kozi yake ya mwanzo peke yake, mwanafunzi aliyemaliza ngazi ya kwanza Nairobi atafika Dar es Salaam na kuanza upya, kwa kuwa hakuna anayejua "ngazi ya kwanza" ilimfanya aweze nini.

Ninapendekeza tuanze na orodha moja. Malengo thelathini ya ngazi ya kwanza ya Kiswahili kwa wageni, kila moja likiwa tendo, kila moja likiwa na jaribio lake la sauti au maandishi. Kununua sokoni. Kuweka miadi. Kumwamkia mkubwa na mdogo ipasavyo. Kumweleza daktari mahali panapouma na tangu lini. Kupanda basi na kushuka kituo kinachotakiwa. Orodha ikishakuwepo, mabaraza ya Kiswahili ya BAKITA na BAKIZA, Kamisheni na vyuo vyetu vitakuwa na kitu cha kubishania, na ubishi juu ya lengo lililoandikwa huzaa lengo bora kuliko makubaliano juu ya neno "umahiri" lisilo na mfano.

Kabla ya muhula ujao, naomba kila mwalimu aliyepo achague somo lake moja tu la mtandaoni, lile analolichukia kulisahihisha. Aandike jaribio lake upya kwanza, ampe mtu asiyekuwa mwanafunzi wake alijaribu, ndipo arudi kwenye video na kukata. Waandaaji wamekubali kuyapokea malengo na majaribio hayo na kuyasambaza kwetu sote, ili yawe mbegu ya ile orodha.

Mwenyekiti, nimemaliza. Naomba tupokee maswali, na nitafurahi tukianza na walimu wanaofundisha kwa simu peke yake, bila kompyuta, kwa sababu orodha hii lazima ifanye kazi kwao kwanza.